Kitoweo cha Mwekezaji

Selestini alikuwa mvuvi wa kwanza katika ukoo wao kurudi nyumbani kila jioni mikono mitupu, na bado majirani wakamwita mwenye bahati. Mkewe, Melania, ndiye aliyeishi na ajabu hiyo jikoni mwake. Ni habari za Melania ninazotaka kuziandika hapa, kwa sababu nimechoka kusoma maandishi kuhusu uwekezaji ambamo hakuna mtu hata mmoja anayepika.

Melania binti Anatoli alizaliwa Mwamgongo, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa kaskazini ya Gombe, ambako kila kinachoingia na kila kinachotoka hupita majini. Alikulia kwenye kokoto za kuanikia dagaa. Akiwa bado msichana alijua kufukuza kunguru kwa sauti tu, bila kuinua mkono, na hadi namfahamu mimi sauti hiyo alikuwa nayo. Aliolewa na Selestini, kijana wa kijiji hicho hicho, mpiga mbizi ambaye wavuvi walimwita kila wavu uliponaswa kwenye miamba. Sifa za pumzi zake zilifika Kigoma mjini, na huko ndiko kampuni ilikozisikia.

Kampuni ilikuwa ya Mzungu mmoja ambaye sote tulimwita Bwana Henriki. Alikuwa amejenga matangi ya saruji kando ya ziwa, akafunga mashine ya kupuliza hewa ndani ya maji, akaajiri wapiga mbizi. Alitaka samaki wadogo wa miambani, wale wenye milia ya njano na mapezi ya buluu, ambao wavuvi wetu wakiwakuta wavuni huwatupa au huwapa watoto. Walitiwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa, wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Kwenye mikutano ya mkoa alitajwa kabla ya reli na kabla ya bandari. Alikuwa mtaji wa kigeni mwenye miguu miwili.

Selestini alipopata kazi hiyo, yeye na mkewe walihamia Rusimbi, mtaa wa Kigoma mjini, wakapanga vyumba viwili katika nyumba niliyokuwa nikiishi mimi. Nilikuwa nimehamishiwa Kigoma kutoka Same, nikifundisha uchumi sekondari. Tulitumia ua mmoja na bomba moja. Jioni ya kwanza Melania aliniuliza, akiwa ameinamia sufuria:

"Mwalimu, hao samaki wakifika Ulaya wanafanywa nini?"

"Wanawekwa kwenye sanduku la kioo, sebuleni. Watu wanawatazama."

"Wanawatazama tu?"

"Tu."

"Wakichoka kuwatazama?"

"Wanawalisha, kisha wanaendelea kuwatazama."

Akafikiri kidogo. "Wanawalisha samaki," akasema. "Haya. Kila mtu na msiba wake."

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Darasani nilikuwa nalo. Ubaoni niliandika kwamba mtaji kutoka nje huleta ajira, ujuzi na fedha za kigeni, na kwamba hivyo vyote hukuza uchumi wa nchi changa kama yetu. Niliyaamini, na sehemu yake ningali nayaamini. Selestini alipata mshahara wa kila mwezi, kitu ambacho baba yake hakukijua maisha yake yote. Walinunua godoro. Melania alianza kwenda kanisani na viatu vya kufunika.

Lakini hiyo ndiyo miaka ambayo ziwa lilikuwa likileta watu wengi kuliko samaki. Vita vya Burundi vilikuwa vimewasukuma majirani zetu juu ya mitumbwi, na baadaye vita vya ng'ambo ya pili ya ziwa vikaongeza wengine. Mji ulijaa maturubai, magari meupe ya mashirika, na wageni wenye mishahara ya mbali. Kodi za nyumba zilipanda, dagaa wakapanda. Mshahara wa Selestini uliwakimbilia bila kuwafikia. Nikimtazama Melania kwa jicho la somo langu, niliona mtu aliyepanda. Nikiongozana naye sokoni, nilimwona ameshuka. Alikuwa mwanamke yule yule, na kapu ni lile lile. Sikujua jicho lipi lina kasoro.

Sokoni ndiko alikoaibika. Wanawake wa dagaa walimfahamu.

"Jamani, mke wa mvuvi huyo, kaja kununua samaki!"

"Mumeo anavua nini, Melania? Maji?"

"Anavua vya kutazama," alijibu mmoja kwa niaba yake. "Leo usiku weka sahani tupu mezani, mtazamane!"

Melania alicheka nao, akalipa, akaondoka.

Asiyekulia kwenye ufuko ule hawezi kuelewa uzito wa dhihaka hiyo bila kujua desturi moja. Katika mitumbwi ya Ziwa Tanganyika, mwenye chombo na nyavu huitwa tajiri, na samaki ni wake. Lakini kabla tajiri hajapima chochote, kila mfanyakazi huingiza mikono kwenye lundo na kuchota kitoweo cha nyumbani kwake. Hakuna anayeomba. Tajiri husimama pembeni akitazama upande mwingine, na huo ndio ustaarabu wake. Mtu akionekana anatoka pwani bila kitoweo, watu huuliza kimya kimya amekosa nini hadi akafukuzwa. Huko kwa Bwana Henriki samaki walihesabiwa mmoja mmoja, na wapiga mbizi walitoka na taulo zao.

"Labda Mzungu hajaambiwa," Melania alisema siku moja.

"Kila kazi ina taratibu zake," Selestini alijibu.

"Basi hiyo ni kazi ya nani? Ya mvuvi au ya karani?"

Selestini alianika taulo lake kwenye kamba. Naye hakujua.

Kisha wageni wakafika. Dada yake Melania, Rozalia, alikuwa ameolewa Nyanza-Lac, upande wa Burundi, mwendo mfupi tu wa mtumbwi kutoka kwao, kwa maana kabla ya vita mpaka ule watu waliuvuka kwenda harusini. Alfajiri moja alishuka kwenye ufuko wa Kibirizi na watoto wake na mama mkwe wake, bibi kizee ambaye Rozalia alimwita Mabukwe, kama Warundi wamwitavyo mama wa mume. Mume hakuwepo, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Walikuja moja kwa moja Rusimbi, wakaingia chumba cha pili, mlango ukafungwa.

Amri ilikuwa wazi: wakimbizi wote wapelekwe kambini. Rozalia angeweza kudai kwamba amezaliwa Tanzania, ingawa karatasi ya kuthibitisha hakuwa nayo. Watoto na bibi wasingeweza kudai chochote. Wangepakiwa kwenye lori, na katika siku hizo familia zilizogawanywa malorini zilichukua muda mrefu kuonana tena, na nyingine hazikuonana. Melania alinieleza haya yote uani huku akifua, bila kuninyanyulia macho.

"Mwalimu, wewe ni mtumishi wa serikali," alimaliza.

"Mimi ni jirani yako," nilisema. Hatukulirudia tena.

Siku ya pili Melania aliwapikia wageni ugali na maharage. Mabukwe alikula vizuri, akashukuru. Kisha, kwa upole wa watu wazima, alimwuliza Rozalia kwa Kirundi kama shemeji yake aliyesemwa kuwa mvuvi ameugua. Mama mkwe wa dada yako amekimbia vita, amevuka ziwa, amefika nyumbani kwa mvuvi, ukampa maharage. Melania alinisimulia akiwa amejishika mashavu.

"Selestini," nilimsikia akimwambia mumewe asubuhi, "leo usinirudie na taulo."

Jioni Selestini alirudi na samaki. Walikuwa wadogo, rangi ya udongo, hawana uzuri wowote. Melania aliwaparua, akawakaanga kwa mawese, akaweka pilipili na nyanya. Harufu yake ilijaa uani. Nililetewa bakuli langu kama jirani yeyote, samaki mmoja na mchuzi. Alikuwa na miba mingi na nyama tamu kuliko alivyostahili kwa sura yake. Kutoka chumba cha pili nilisikia sauti ya Mabukwe ikibariki nyumba.

Asubuhi iliyofuata Selestini alikamatwa.

Hakuwa amejificha. Mbele ya wenzake wote, kabla samaki hawajahesabiwa, aliingiza mikono kwenye ndoo akachota, kama babu zake. Dismasi, msimamizi wa matangi, alipomwuliza anafanya nini, alimjibu, "Nachukua kitoweo." Dismasi, ambaye mwenyewe ni mtoto wa ufuko ule ule, alitazama upande mwingine. Na Selestini alikuwa mstaarabu: aliwachagua wabaya, wa rangi ya udongo. "Wazuri wote nimemwachia mwenyewe," alikuwa amemwambia mkewe jioni ile kwa fahari.

Kosa lilikuwa hapo. Wale wa rangi ya udongo walikuwa majike. Bwana Henriki alikuwa akiwatafuta kwa muda mrefu, samaki wa mwamba mmoja tu wasiojulikana kwingine, na bila majike madume wale wa kupendeza hawakuwa na faida kwake, kwani alitaka kuwazalisha. Alipokuta ndoo ina madume wa rangi tu, alifikia hitimisho pekee lililomwingia akilini. Samaki hao wameuzwa wakiwa hai, wamevushwa ng'ambo, wako mikononi mwa mshindani. Kwamba mtu angeweza kuwala, hilo halikumjia kabisa.

Melania alinikuta nikijiandaa kwenda shule.

"Mwalimu, twende polisi. Mzungu anaongea Kiingereza na mimi naongea ukweli. Tutahitaji mtu katikati."

Nilikwenda. Kituoni alikuwapo Afande Nassib, mtu wa Tanga, mwenye sauti ya taratibu. Bwana Henriki, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Na afisa mmoja kutoka mkoani aliyesimama mlangoni, kana kwamba kukaa kungemfunga kwenye jambo. Selestini alikuwa sakafuni nyuma ya kaunta, bila mkanda na bila viatu.

"Shikamoo, Afande," alisema Melania.

"Marahaba, mama. Mumeo anadaiwa kuuza mali ya mwekezaji nje ya nchi. Unajua uzito wake?"

"Hakuuza. Tulikula."

Nikafasiri. Bwana Henriki alinitazama mimi, si yeye. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu anayekula samaki wa aina ile.

"Anasema hawaliwi," nilimwambia Melania.

"Mwambie walilika."

Afisa wa mkoa aliingilia. Alisema mkoa hauwezi kuvumilia vitendo vya kuwavunja moyo wawekezaji, kwamba mwekezaji mmoja akiondoka kumi hawaji, kwamba dunia inatutazama. Nilihisi damu ikinipanda. Maneno hayo niliyafahamu, maana mengine nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa chaki yangu. Nilitaka kumjibu, nikafungua mdomo, nikagundua kwamba sijui niseme nini. Kwamba uwekezaji ni mbaya? Godoro lilitoka wapi? Kwamba Selestini si mwizi? Kwa sheria ipi, ya ndoo au ya mtumbwi? Nikafunga mdomo. Hasira ninayo hadi leo, na hadi leo sijapata pa kuielekeza.

Afande Nassib alimwita Selestini.

"Wewe. Uliomba ruhusa?"

"Kitoweo hakiombwi, Afande."

"Mungu wangu! Huku mnaiba kwa utaratibu?"

"Nilichukua mchana, watu wananiona. Mwizi gani huyo?"

Afande alijikuna kidevu. Nadhani naye alichanganyikiwa. Akamgeukia Melania. "Mama, nikuambie ukweli. Kama waliliwa, hii ni kesi ndogo, ya mtu na mwajiri wake, wamalizane. Kama waliuzwa, namfikisha mahakamani leo, na huko sina la kumsaidia. Lakini sina hata mwiba mmoja wa ushahidi. Miba iko wapi?"

"Kuku."

"Basi nipe watu. Ndoo ile ilikuwa na samaki wengi. Wewe na mumeo hamkuwamaliza. Waliokula ni kina nani? Niwaite, wathibitishe, mumeo arudi nyumbani."

Nilimtazama Melania. Alihitaji kutamka majina machache tu, majina ya watu waliolamba vidole na kubariki nyumba. Angeyatamka, mumewe angevaa viatu vyake. Na saa ile ile askari wangekwenda kuwaita mashahidi Rusimbi, wangefungua mlango wa chumba cha pili, na lori lingefuata.

Mikono yake ilikuwa imeshika pembe za kanga. Hakulia.

"Afande," alisema taratibu, "ngoja nikueleze nilivyowapika. Huyu Mzungu ndiye mwenye samaki, atajua kama naongopa. Nilipowafungua niliwakuta na watoto mdomoni."

"Watoto gani?"

"Watoto wao. Wadogo kama punje. Kila mmoja alikuwa amejaza mdomo, ameubana. Ilibidi niupanue kwa kidole. Wengine walikuwa bado na kiini cha yai tumboni, cha njano. Nilistaajabu. Nikawatoa, nikawamwagia kuku."

Nilipofasiri, sauti yangu ilipungua yenyewe. Bwana Henriki alisikiliza hadi mwisho. Kisha alikaa kwenye benchi la washitakiwa, hakuna aliyemwambia akae, akafunika uso kwa viganja. Aliponyanyua kichwa aliniambia kwamba yule mama anasema kweli. Aliyewauza hai asingefungua midomo yao.

"Anaamini," nilisema.

"Anaamini yeye," alisema Afande. "Mimi naandika maelezo, na maelezo yanataka mlaji. Mama, nani mwingine alikula?"

Melania aliinua mkono, akaninyooshea mimi.

"Huyu. Mwalimu. Nilimpelekea bakuli. Mwulize."

Wote wakanigeukia. Sikuwa nimejiandaa, na sikuwa na sababu ya kujiandaa, maana ilikuwa kweli tupu.

"Nilikula," nilisema. "Alikaangwa kwa mawese. Alikuwa na miba."

Yule afisa wa mkoa alikohoa. Nadhani hakufurahia sura ya jambo: mwalimu wa serikali, wa somo la uchumi, amekula mauzo ya nje.

"Na wengine?" Afande aliuliza, akimtazama Melania pekee.

Midomo ya Melania ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo hakuna kidole ambacho kingeipanua. Afande Nassib alimtazama kwa muda mrefu. Askari wa miaka ile Kigoma hakuwa mgeni wa vyumba vya pili. Aliinama akaandika, akisoma kwa sauti anachoandika: "Samaki waliliwa na familia pamoja na mwalimu, jirani yao." Akaweka nukta. "Mnakula sana nyie watu wa ziwa," alisema. "Mpeni viatu vyake."

Kabla hatujatoka, Bwana Henriki alinisogelea. Nilijiandaa kwa matusi, na matusi ningejua la kuyafanya. Aliniomba nimwulize yule mama swali moja. Je, walikuwa watamu?

Nikauliza.

"Mwambie sana," alisema Melania. Akasita, kisha akaongeza kwa heshima, "Mwambie pole."

Selestini alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Sijui kama alionewa. Nimejiuliza mara nyingi, hata nikiwa na chaki mkononi. Mtu aliwaleta wale samaki kutoka kwenye mwamba kwa pumzi yake mwenyewe, na hadi ndoo inafika ufukoni walikuwa tayari mali ya mtu mwingine. Lakini mtu huyo mwingine alijenga matangi, akalipa mishahara, na alilia kwa ajili yao, jambo ambalo sijaona mtu wetu yeyote akilifanya kwa ajili ya samaki. Mwaka huo, kwenye mkutano mmoja nilioalikwa kama mtaalamu, tulionyeshwa mchoro wa mauzo ya nje ya mkoa, na mstari wa samaki hai ulikuwa ukipanda vizuri. Niliutafuta ndani yake ua wetu. Niliutafuta kwa nia njema kabisa. Nilirudi nyumbani na kichwa kinaniuma.

Selestini alirudi kwenye mitumbwi ya dagaa, kwa tajiri wa Kibirizi. Mshahara hakuna, mgawo upo ziwa likipenda. Godoro liliuzwa. Lakini kila asubuhi alirudi na kitoweo kwenye mfuko wa rambo, na Melania alipita sokoni na kapu lake la nyanya tu, akiwasalimia wanawake wa dagaa mmoja mmoja, polepole, bila haraka ya kufika popote. Niliwahi kumwuliza kama sasa ana nafuu au ana shida zaidi.

"Mwalimu," alisema, "hilo si ndilo somo lako?"

Wageni walibaki. Mabukwe hakuambiwa lolote, wala kuhusu polisi, wala kuhusu matangi. Alizoea Rusimbi, akawa anakaa uani asubuhi akichambua dagaa, akiwafukuza kunguru kwa Kirundi. Alikula alichopewa na kushukuru. Ila mara kwa mara, akishaosha mikono, alimwuliza Melania juu ya wale samaki wa siku za mwanzo, wale wadogo wenye nyama tamu. Hajaonja wengine kama wao. Kwa nini Selestini hawaleti tena?

Na Melania, akikusanya sahani, humjibu kila mara jibu lile lile, kwa sauti ya mtu anayesema hali ya hewa:

"Wamekwenda Ulaya, mama."